Nusu Dakika

Barua imefika na basi la saa nne,
imekunjwa mara tatu, muhuri umevuja pembeni.
Inasema: fomu zenu zimekubaliwa.
Yaani tuna idhini ya kuuliza
kile ambacho tumekuwa tukiuliza miaka yote
kwa kalamu ya kuazima, kwenye daftari la hesabu
lenye twiga mbele na jedwali la kuzidisha nyuma.

Sasa tuna nambari. Kona ya juu, kulia.
Kuanzia leo hewa ya ndani ya tangi
ina nambari ya serikali.

Mwezi wa pili walituandikia kutoka Nairobi:
Fomu moja huchukua dakika ngapi kujazwa?
Je, mzigo huu kwa mwenye karakana ni wa lazima?
Mzigo, waliandika. Nikacheka peke yangu,
mimi Apondi, karani wa usalama,
ninayejua mzigo ni nini:
bamba la chuma la milimita kumi,
au mama yake Sangoro kwenye kiti cha ofisi yangu,
hataki chai.

Nikashusha saa ya ukutani, nikaiweka mezani,
nikamwita Khayumbi, fundi wa kuchomea.
Jina: sekunde ishirini.
Tangi: namba tano, kushoto.
Oksijeni. Gesi. Feni inazunguka? Ndiyo.
Sahihi yake haikutosha kwenye kisanduku,
ikamwagikia mstari wa tarehe.
Dakika nne na nusu.

Wakajibu: punguzeni.
Kuna kisanduku, walisema, hakina kazi:
*Jina la anayesubiri mlangoni.*
Mkikifuta mtaokoa nusu dakika.
Zidisha kwa matangi, zidisha kwa siku za mwaka,
saa thelathini na moja zitarudi kazini.

Hesabu yao ilikuwa sahihi. Niliirudia mara mbili.

Kisha nikatoa lile daftari la twiga.
Alhamisi ile:
Sangoro ameingia, saa tatu na dakika kumi.
Hewa imepimwa. Sawa.
Anayesubiri mlangoni: peupe.
Si kwamba nilisahau.
Niliuliza, "Nani yuko juu?" Wakasema, "Tupo."
Na "tupo" si jina la mtu.

Kutu hupumua. Wengi hawajui.
Kuta za chuma zilizofungwa msimu mzima
hula hewa kimyakimya, bila harufu, bila moshi,
na yeye alivuka hadi chumba cha pili
ambako kipimo changu hakikufika.

Mama yake hakuuliza kipimo.
Aliuliza kwa Dholuo, taratibu, kama anayeuliza bei:
nani alikuwa mlangoni?
Nikapekua daftari mbele yake
kana kwamba jibu lingejiandika.

Kwa hiyo Nairobi niliwajibu mistari miwili.
Sikumtaja Sangoro; fomu yao haikuwa na nafasi yake.
Niliandika: kisanduku kibaki.
Nusu dakika tutailipa.

Na leo kimo. Hawakueleza kwa nini.
Kimo tu, kati ya feni na tarehe.

Mvua inajikusanya upande wa Nandi,
magugumaji yamesukumwa hadi kwenye reli za kuteremshia vyombo,
feri imelala juu ya magogo, tumbo wazi.
Khayumbi anashuka. Ishirini nukta nane.
Napiga magoti ukingoni mwa shimo, fomu mpya pajani,
naandika jina langu, la baba, la babu,
herufi kubwa,
mpaka nami namwagikia mstari wa tarehe.

"Khayumbi!"
"Eeh!"

Naandika saa. Nahesabu mpaka sitini.

"Khayumbi!"